Upepo wa Kompresa Si wa Raskazone

Nimechoshwa na sentensi moja: "Bosi, upepo hautoshi, tuongeze kompresa," yaani mashine ya kushindilia hewa kwenye mabomba ya kiwanda. Hapa Tanga utaisikia Pongwe, utaisikia mjini, na mara nyingi anayeisema amesimama pale pale panapovuja, ssss mchana kutwa, wala hageuzi shingo. Upepo wa bahari wa Raskazone Mungu kautoa bure. Huu wa kwenye bomba unapita kwanza kwenye mita. Tena katika kila yuniti 10 za umeme zinazoingia kwenye kompresa, kazi inayofika kwenye ncha ya mashine ni kama yuniti 1. Nyingine zimekuwa joto.

Chukua tundu la milimita 3 kwenye presha ya baa 7 (baa ya gaji, kipimo cha presha, si ile ya jioni). Tundu hilo moja hula kilowati 3 hadi 4. Tuseme 3 tu, kiwanda kikifanya kazi usiku na mchana: saa 8,760 kwa mwaka, yuniti 26,280. Zidisha mwenyewe kwa bei unayolipa, kisha uniambie kama klipu mpya ya mpira ni ghali.

Kupima hakuhitaji mtaalamu wa kutoka Dar. Subiri mapumziko, zima mashine zote zinazotumia upepo, ila upepo uendelee kufika kwenye mabomba yote. Washa kompresa ijae hadi ipumzike, kisha shika saa: dakika ngapi inapakia, yaani inashindilia upepo, dakika ngapi imepumzika. Rudia mara tano, upate wastani. Ikipakia dakika 2 na kupumzika 6, gawanya 2 kwa 8: asilimia 25 ya uwezo wake inavuja. Hapo unajaza maji kwenye pakacha, halafu unataka pakacha la pili.

Chukua brashi na maji ya sabuni. Anzia kwenye koplingi za kuchomeka, klipu za mipira, vikombe vya filta na tredi (meno ya kuungia) za bomba. Povu likivimba, weka alama ya rangi. Funga upepo, toa presha yote, ndipo ufungue. Na jamani, najua sisi ni watu wa mkonge, lakini katani kwenye tredi ya bomba la upepo mkavu hukauka, husinyaa, na njia hufunguka. Tumia tepu nyeupe au gundi ya tredi.

Mvujo unaoniudhi zaidi ni wa makusudi. Kwa unyevu wetu huu tangi hujaa maji upesi, basi kijana anaacha koki ya chini robo wazi ili asisumbuke. Maji yakiisha, kinachotoka ni fedha. Aifungue kabisa kwa muda mfupi mwanzo na mwisho wa zamu, au ifungwe koki ya boya, inayojifunga maji yakiisha. Koki za saa, zinazojifungua kwa muda uliopangwa, hufunguka hata tangi likiwa kavu.

Kisha anakuja fundi, anapandisha presha toka 7 hadi 8. Presha imerudi, makofi! Kumbe kila baa inayoongezwa hudai umeme zaidi kwa asilimia 7 hivi, na kila tundu sasa linafoka kwa nguvu kuliko jana. Baada ya mwezi, "upepo hautoshi".

Mengine kwa ufupi: kompresa iliyofungiwa stoo hunywa joto lake yenyewe, ivutishe hewa ya nje yenye kivuli. Filta iliyoziba vumbi, badilisha. Kupuliza vumbi la nguo kwa baa 7 ni hasara na ni hatari kwa macho.

Haya, nakubali, kompresa zinazobadili mwendo wa mota ni nzuri pale matumizi yanapopanda na kushuka, maana ile ya kawaida hata ikipumzika bila kuzimika hula robo ya umeme wake au zaidi. Lakini ukiifunga kwenye mabomba yaliyotoboka, itavujisha kwa ustadi tu.

Rudia kipimo baada ya kuziba. Kikishuka chini ya asilimia 10 na presha bado inadondoka, nunua kompresa, nami sitasema neno.