Gilberto Gil: gitaa na kiti cha uwaziri

Rais Lula alipomteua mwanamuziki Gilberto Gil kuwa Waziri wa Utamaduni wa Brazil, Januari 2003, manung'uniko yalitoka hata kwa wafuasi wa Lula mwenyewe. Utawala wa kijeshi ulikuwa umemtia ndani Gil pamoja na mwanamuziki mwenzake Caetano Veloso mwishoni mwa 1968, wakati vuguvugu lao la muziki na sanaa, Tropicália, limepamba moto, na wote wawili wakaishia uhamishoni London hadi 1972. Mtu wa historia hiyo anatafuta nini ofisini kwa wakubwa?

Mimi hilo la usaliti silioni. Serikali iliyomwita ilichaguliwa na wananchi, na Gil alishakuwa diwani Salvador, mji aliozaliwa. Hoja inayoniingia ni nyingine: alisema wazi kwamba ataendelea kufanya maonyesho ya kulipwa. Waziri anayesimamia sanaa huku akiuza sanaa yake lazima aulizwe maswali, tena kila siku.

Ila tuangalie alichokikuta. Chini ya sheria ya Rouanet ya 1991, kampuni inayodhamini sanaa hupunguziwa kodi, kwa hiyo ni kampuni inayoamua fedha ziende wapi. Nyingi zilibaki Rio na São Paulo, kwenye majina yanayojulikana. Mwaka 2004 wizara ya Gil ikaanzisha Pontos de Cultura, yaani Vituo vya Utamaduni: serikali ilivifuata vikundi vilivyokwishajianzishia kazi, vya capoeira, samba, hip-hop, hata vya wenyeji wa asili, ikavipa fedha na vifaa vya kurekodia vinavyotumia programu huria. Huo ulikuwa uamuzi wa mtu aliyekulia Bahia, jimbo lenye mji wa Salvador, anayejua ngoma ya mtaani haingoji kibali cha mtu.

Utekelezaji ulikwama mara nyingi. Malipo yalichelewa, na vikundi vidogo vilizama kwenye makaratasi ya mahesabu. Sheria ya Rouanet nayo alipoondoka Julai 2008 aliiacha palepale, na hapo ndipo ningemlaumu zaidi.

Naye alilipa gharama: koo lilimsumbua, nyimbo mpya zikawa adimu. Hata hivyo nasema alifanya vyema kwenda.

Rais Bolsonaro aliifuta wizara hiyo mwaka 2019. Lula aliporudi madarakani 2023 aliifufua, akamkabidhi Margareth Menezes, mwimbaji mwingine wa Salvador.