Mimba Iliyohamia Ubavuni

Dada niliyekaa naye kwenye basi la usiku alikuwa na mimba kubwa, na harufu kubwa zaidi: manukato, kahawa ya unga, na kitu kama dawa ya kuchua. Mwenzake, kaka mwembamba anayetiririka jasho, alikuwa kiti cha nyuma akimpepea kwa tiketi. Nikamwonea dada huruma, nikampa sweta langu afunike tumbo.

Basi likapiga tuta, mimba ikahama. Sisemi mtoto alicheza. Nasema tumbo lilitoka mbele likaenda ubavuni, likatulia huko. Dada akalirudisha kwa viganja viwili, taratibu, kama anayesawazisha mto wa kulalia.

"Mtoto anacheza," kaka akanieleza. Wala sikuwa nimeuliza.

Kwenye kizuizi tukashushwa wote, mbwa akaletwa. Wasafirisha mizigo hii wanaamini kahawa na manukato humpoteza mbwa. Wapi! Pua yake huzichambua harufu moja moja: hii kahawa, haya manukato, hii bangi. Lakini watu hawakomi. Mwaka 2019, uwanja wa ndege wa Barcelona, abiria alinaswa na kama nusu kilo ya kokeini chini ya wigi lililotuna hadi polisi wakalishangaa. Mwaka 2020 huko Florida, polisi walikuta kwenye gari vifuko vilivyoandikwa waziwazi kwamba vimejaa dawa za kulevya. Na kweli zilikuwemo.

Mbwa akapita mstarini, akafika kwa dada, akaketi. Hakubweka, wengi hufundishwa hivyo, kuketi tu.

"Anapenda watoto huyu," kaka akachekacheka.

Askari wa kike akauliza, "Mimba ya miezi mingapi?"

"Minane," akasema dada.

"Mitano," akasema kaka, kwa wakati uleule.

Mbwa akainuka, akaja kwangu, akaketi tena. Sweta! Lilikuwa limelalia ule mzigo safari nzima. Kaka akaona upenyo.

"Afande, mimi huyu dada simjui. Mwenye mimba ni huyo aliyekaa naye!"

Nikapekuliwa mpaka soksi, abiria wakinikodolea macho. Mzee mmoja akatikisa kichwa: "Kijana, lea."

Kilichoniokoa ni hasira za dada. Alimgeukia kaka akiwa amejishika kiuno.

"Yaani unaikana mbele za watu? Si wewe uliyenifunga na mkanda wako mwenyewe? Si ulisema tukifika tunagawana nusu kwa nusu? Leo hunijui?"

Askari, aliyekuwa ameshatoa pingu, akazirudisha kiunoni, akachukua kalamu. "Endelea, mdogo wangu," akasema kwa upole wa ajabu.

Dada akaendelea. Akamtaja mwenye mzigo, akataja na pa kuupokelea. Kaka alimbembeleza anyamaze, tena akimwita "mpenzi", yeye asiyemjua.

Mimi nikaruhusiwa kupanda basi. Sweta lilibaki kama kidhibiti. Na yule mzee, ambaye nadhani hakusikia vizuri, njia yote iliyobaki alinisihi nisiitelekeze familia.