Ombi limekataliwa

Najua ile voisi ya mwenzangu, anayosimulia yaliyonikuta Tanga tulipokwenda kufuata jibu la posa, imeshafika kwenye magrupu yenu yote, maana asubuhi ya leo shangazi yangu aliyeko Muscat amenipigia anacheka hata salamu hajaimaliza. Haya, tusahihishane. Sikuzimia. Kanzu haikuchanika, ilipanda tu. Na huyo anayewasimulia kwa mbwembwe hakuwepo Tanga: alikuwa kwake Sinza amelala fofofo, na zamu ya kuangalia seva, ile kompyuta inayoendesha huduma yetu, ilikuwa yake.

Kwa wageni wa hapa: mimi na yeye tunaendesha kahuduma ka mtandaoni kwa ajili ya madevelopa, yaani watengeneza programu. Mtu anatengeneza duka linalopokea pesa kwa simu, lakini hawezi kulijaribu kutwa nzima kwa pesa yake halisi, atafilisika kabla hajafungua. Basi anatuma ombi la malipo kwetu, sisi tunajifanya ndio mtandao wa simu, tunavuta sekunde chache, halafu tunamrudishia jibu kwenye anwani ya mtandaoni aliyojisajilia: imelipwa, salio halitoshi, mteja kakosea namba ya siri. Uongo mtupu, ila una wateja.

Hivi karibuni tukasema tuiboreshe. Mimi nikashika bango kwamba makosa yote yaandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, tusiwe tunamtupia mtu namba kavu za makosa ya seva kama 500 au 503 halafu tunamwacha akune kichwa. Mwenzangu naye akaja na lake: tahadhari za seva ziwe zinatamkwa, kwa sababu mimi mlio wa kawaida nauingiza ndotoni na usingizi unaendelea. Tukafunga programu inayosoma mstari wa mwisho wa kosa, kwa sauti ya dada mmoja wa kompyuta mkali kama karani wa mahakama. Android inakuruhusu kuichagua programu fulani ipige kelele hata kama simu umeiweka kwenye hali ya kutosumbuliwa. Tukairuhusu. Na usipobonyeza kwamba umesikia, dada anarudia. Siku ile tulipongezana sana, nakumbuka hata soda tulinunua.

Sasa Jumamosi. Mtoto wa baba mdogo ameposa Tanga, barua ilishakwenda, sisi tulikuwa tunafuata jibu. Nikapangiwa kubeba sinia la zawadi, kazi ambayo mtu yeyote mwenye mikono miwili anaiweza. Kanzu niliazima kwa baba mdogo mwenyewe, ambaye ni mwembamba kuliko matumaini yangu. Haina mpasuo pembeni, haina mfuko. Simu ikakaa ndani, kwenye mfuko wa bukta. Kumbukeni hiyo bukta.

Tukakaribishwa, tukaketi, sinia mapajani kwangu kwa sababu stuli zote zilikuwa na vikombe. Baba mkubwa wa binti ndiye aliyekuwa msemaji wao. Mzee ana ule utaratibu wa mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kukatizwa. Akakohoa. Akatupa pole ya safari. Akaeleza ukoo wao ulivyotoka Pangani, nani alimzaa nani, nani alihamia wapi. Nyuma ya pazia tunawasikia kina mama wameshajipanga na vigelegele vyao. Mshenga wetu anatikisa kichwa kwa adabu kila baada ya sentensi.

"Sasa," mzee akasema, "kuhusu lile ombi lenu mlilotuletea..."

Akanyamaza. Akawa anapapasa mfukoni kutafuta miwani.

"Ombi limekataliwa," dada akasema.

Jamani. Sauti imetoka tumboni mwangu, ya kike, kavu, haina hata samahani. Nyuma ya pazia kuna mama alikuwa ameshaanza kigelegele, kikafia njiani. Mzee akageuka polepole kuelekea pazia: "Nani kasema hivyo?"

"Si sisi, baba!" wakajibu.

Mimi nimekumbatia sinia, natazama picha ya Kaaba ukutani kama vile ndiyo naiona kwa mara ya kwanza maishani. Nilikuwa na matumaini kwamba itaishia hapo.

"Sababu: hakuna nafasi."

Baba mdogo, ambaye ni baba wa muoaji na ana presha, akajiinua nusu: "Hakuna nafasi vipi? Kwani kuna mtu kashatangulia?" Mshenga akaingilia, sauti yake bado ya heshima lakini imeanza kuchanika: "Wazee wetu, kama kuna barua nyingine mliipokea kabla ya yetu, mngetuambia tu. Tusingepanda basi alfajiri."

"Hakuna barua nyingine!" mzee akasema. Kisha, nadhani na yeye akaingiwa na shaka, akauliza kule ndani: "Ipo?"

"Najaribu tena," dada akasema. "Ombi limekataliwa."

Ninyi mnaouliza kwa nini sikuizima mapema: kwa mkono upi? Nilipoona macho ya watu yameanza kufuata sauti hadi tumboni kwangu, nikaliweka sinia chini, nikasimama. Nikajaribu kuibonyeza kwa juu ya kanzu, nikawa najipapasa mapaja mbele ya wakwe. Haikusaidia. Nikainama, nikashika pindo kwa mikono miwili, nikalipandisha. Kanzu ikafika magotini ikakwama, nikaivuta kwa nguvu, ikafika kiunoni yote kwa mkupuo. Bukta ni ya Yanga, njano na kijani inawaka. Kalenda iliyoning'inia juu ya kichwa cha mzee ni ya Simba. Na mfuko una zipu, na zipu ikagoma, na huko ndani dada anaendelea kumweleza kila mtu kwamba hakuna nafasi. Pazia likafunguka kidogo. Nikaona macho ya bibi mmoja, likafungwa.

Zipu ilipokubali nikabonyeza, kukawa kimya hadi tukasikia feni.

"Mwanangu," mzee akasema, "sisi jibu letu ni ndiyo. Lakini huyo binti wa kwenye simu atoke nje, na wewe utoke naye."

Mengine yalikwenda haraka. Nikakaa chini ya mwembe, nikaingia kwenye seva kwa simu, diski asilimia 100. Kumbe kuna developa mmoja, kwenye sehemu ya anwani ya kupokelea majibu, kabandika anwani yetu sisi wenyewe. Tukimjibu, jibu linaturudia kama ombi jipya lisilo na kichwa wala miguu. Tunalikataa, tunamtumia jibu la kukataa, nalo linaturudia. Na jibu lisipopokelewa vizuri tulikuwa tunalituma tena na tena bila kupumzika, kwa hiyo kukataa kumoja kunazaa mengine. Logi, yale mafaili ambamo seva inaandika kila kinachotokea, zikajaza diski, hifadhidata yetu ya PostgreSQL ikakosa pa kuandika ikajizima. Nikafuta logi, diski bado imejaa, jasho likanitoka, mpaka nikakumbuka kuwa kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva yetu, faili ulilolifuta halirudishi nafasi hadi programu iliyolishikilia iliachie. Nikaiwasha upya. Ikapona. Huko ndani vigelegele vikapigwa mimi sipo.

Sasa hivi mtu hawezi kusajili anwani yetu, kila jaribio linasubiri muda maradufu ya lililotangulia na mwisho tunakata tamaa, logi zina kikomo na zimehamishwa mbali na hifadhidata. Dada naye amebadilishiwa maneno, anasema tu "angalia seva". Kwenye msafara wa kupeleka mahari jina langu halipo.

Jumatatu yule developa akatuandikia. Huduma yenu, anasema, Jumamosi ilikataa maombi yangu yote bila sababu ya msingi, jirekebisheni. Wakati mimi natafuta maneno ya kumjibu kistaarabu, mwenzangu, huyu huyu wa Sinza, kashamwomba radhi na kumpa mwezi mzima bure.