Kuhama Dar kufuata baridi: Arusha, Mbeya au Iringa?

Kila joto la Januari mpaka Machi likikolea hapa Dar watu wanaanza kuulizana tena nihamie wapi, nataka baridi lakini sitaki kwenda kuishi porini, nataka benki, shule nzuri za watoto, intaneti ya uhakika na hospitali yenye madaktari bingwa. Na majibu ni yale yale kila mwaka, kila mwamba ngoma anavutia kwake, wa Arusha anasema Arusha, wa Mbeya anasema Mbeya, na Mhehe hataki kusikia kingine zaidi ya Iringa. Mi naona mjadala huu tunauanza kwa nyuma. Tunaanza na baridi, wakati baridi Tanzania ipo nyingi tu, Lushoto ipo, Njombe ipo, Mafinga ipo, Makete ndo usiseme. Kitu adimu ni baridi pamoja na mji, na hapo ndo machaguo yanabaki machache sana.

Kwanza tuelewane joto linapunguaje maana watu wengi wanadanganywa na majina ya milima. Ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi. Dar tuko usawa wa bahari, Februari mchana unagonga 32 na usiku haishuki sana chini ya 25, unyevu juu yake, na ule usiku ndo unaotumaliza, mtu anaamka amechoka kuliko alivyolala. Sasa Morogoro iko kama mita 500 tu, umepata nafuu ya nyuzi 3, milima ya Uluguru unaiangalia kwa macho. Moshi watu wanaona theluji ya Kilimanjaro kwenye picha wanajua kuna baridi, mji wenyewe uko kwenye mita 800 na kitu, Februari pale jua linawaka kweli kweli, baridi iko juu huko Marangu na Kibosho. Dodoma mita 1,100 hivi, usiku wa Juni na Julai unatafuta blanketi ila Oktoba na Novemba mchana ni jua kali na vumbi. Ukitaka baridi ya kueleweka unaanza na Arusha kwenye mita 1,400, Iringa inakaribia 1,600, Mbeya 1,700. Hiyo hesabu ndo maana mtu akiniambia anahamia Pugu au Goba, hapa hapa pembeni ya Dar, kufuata ubaridi namuelewa kwa upepo na miti, lakini mwinuko wa mita 200 unampa nyuzi moja na kidogo, basi.

Halafu ndani ya mji mmoja kuna hali ya hewa mbili tatu. Arusha ukikaa Ilboru au Ngaramtoni uko kwenye mteremko wa mlima Meru, kijani, ukungu, baridi yake ni ya kweli, ila ukishuka Kisongo ni ukame, vumbi na upepo, na Usa River kuna joto kuliko mjini. Mbeya ni hivyo hivyo, Uyole iko karibu mita 1,800 na kunaganda kweli mwezi wa saba, lakini ukishuka Mbalizi mpaka uwanja wa ndege wa Songwe uko kwenye mita 1,300 na ushee, mtu aliyenunua kiwanja huko kwa sababu "ni Mbeya" anashangaa mbona anavaa fulana.

Na baridi zenyewe hazifanani, hili sioni watu wakilisema. Baridi ya Arusha ya mwezi wa sita na wa saba ni ya mawingu, jua linaweza lisionekane vizuri siku kadhaa, manyunyu, nguo unaanika asubuhi na jioni bado mbichi. Baridi ya Mbeya ya miezi hiyo ni ya usiku na alfajiri, inaweza kushuka mpaka nyuzi 6 au 7, kabla jua halijachomoza mikono inakufa ganzi kwenye bomba la maji, ila ikifika saa nne asubuhi jua liko wazi, anga la bluu, nyuzi 20 na kitu, unakaa nje unaota jua na nguo zinakauka. Mtu mwenye pumu, au mtu ambaye mawingu yanamshusha moyo, hii tofauti kwake ni kubwa kuliko namba yoyote ya kipimajoto. Iringa iko katikati, jua lipo ila ina upepo, kuanzia Agosti mpaka Oktoba ule upepo unaleta vumbi la kutosha.

Watu wanasema ukihama unaokoa pesa ya umeme wa AC. Tupige hesabu. AC ndogo ya chumba kimoja ikilala imewaka usiku inakula kama unit 5, kwa bei ya shilingi 356 kwa unit hiyo ni 1,780 kwa usiku, mwezi mzima elfu 50 na kitu. Ni kweli hiyo unaiacha Dar. Lakini Mbeya huwezi kuoga maji ya bomba alfajiri, unafunga hita ya bafuni, zile za kuwasha ukioga zinavuta karibu kilowati 4 au 5, dakika 10 za mtu mmoja ni robo tatu ya unit, watu watano nyumbani umefika karibu unit 4 kwa siku. Yani umehama kutoka AC kwenda hita na LUKU haijashtuka! Ndo maana wenyeji wengi wanachemsha maji kwa gesi au mkaa, na wanaojenga sa hivi wengine wanaweka ile mitambo ya sola ya maji juu ya bati, ambayo kwa jua la Mbeya la Julai inafanya kazi vizuri na kwa mawingu ya Arusha mwezi huo huo inasumbua. Ongeza kwamba nyumba zetu zimejengwa kama vile nchi nzima ni Dar, bati bila silingi bodi, madirisha ya nyavu na vioo vya kupandishana, sakafu ya saruji. Ukipanga huko angalia silingi na madirisha kabla hujaangalia rangi ya ukuta.

Sasa huduma. Hapa Arusha inaongoza na sioni haja ya kubishana. Ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko pale, mahakama ya kimbari ya Rwanda ilikaa pale kuanzia 1995 mpaka 2015, na wageni wa aina hiyo pamoja na watalii ndo waliofanya mji uwe na shule za kimataifa, supamaketi, migahawa ya kila aina na kliniki za binafsi. Viwanja vya ndege viwili, Kisongo na ule wa kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), Nairobi iko saa chache kwa barabara. Hospitali za mjini zipo, na likikushinda kubwa unakimbilia hospitali ya KCMC Moshi, kilomita kama 80, lami. Kwa mtu anayefanya kazi na mashirika au anayefanya kazi mtandaoni na wateja wa nje, mji huu uko tayari.

Ila gharama zake ni za mji wa kitalii. Kabla ya 2025 kuna maeneo mwenye nyumba alikuwa anakutajia kodi kwa dola, na bei ya vitu vingi inapandana na msimu wa wageni. Na kuna suala la maji ambalo kwa familia yenye watoto wadogo nalipa uzito kuliko kodi. Maji mengi ya kuzunguka Meru yana floraidi nyingi ya asili kutokana na miamba ya volkano, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima na mito huko inazidi mara kadhaa. Mtu mzima ukihamia meno yako hayabadiliki rangi, meno yanayoharibika ni ya mtoto ambayo bado yanajijenga kwenye fizi, mpaka kama miaka 8, yakishatoka na madoa ya kahawia hakuna kupiga mswaki kunakoyatoa. Na kuchemsha hakusaidii, unachemsha maji yanapungua floraidi inabaki. Mradi mkubwa wa maji wa bilioni 520 umeboresha sana hali ya mjini, lakini ukipanga sehemu ya pembeni inayotumia kisima, omba vipimo vya maji, au weka bajeti ya maji ya kunywa ya kununua. Hili jambo unaweza kukaa na dalali wiki nzima asiligusie.

Mbeya kwa huduma haifikii Arusha kwa mapambo, ila kwa vitu vya msingi iko vizuri kuliko watu wa Dar wanavyodhani. Ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ya kanda sio ya mkoa, maana yake wagonjwa wa nyanda za juu kusini wanaletwa pale, wewe unakaa pale pale. Ina hospitali ya Meta ya kina mama, ina chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST, uwanja wa Songwe unafanya kazi tangu 2012 na ndege ya Dar ni saa moja na kidogo. Na chakula, jamani, hapo hakuna mpinzani. Mwanjelwa au Uyole siku ya soko unapata viazi, ndizi za Tukuyu, maparachichi, maharage na mchele wa Kyela ambao Dar unauzwa kwa jina lake, vyote kwa bei inayofanya mshahara ule ule uonekane umeongezwa.

Shida yake kubwa ni umbali na ile barabara. Kilomita 800 na zaidi kutoka Dar, basi ni kutwa nzima, ukiwa na msiba Dar huendi na kurudi kwa wikendi labda upande ndege. Na barabara kuu ya Zambia inapita katikati ya jiji, malori ya Tunduma usiku na mchana, foleni kuanzia Uyole mpaka Mbalizi, mteremko wa Iwambi una historia ya ajali ambayo kila mwenyeji anaijua. Kuna upanuzi wa njia nne unaendelea. Mpaka uishe, mtu akipanga Uyole na kazi iko upande wa Iyunga anajitesa.

Iringa ndo mji ninaoupenda kwa macho kuliko yote. Mji uko juu kilimani, barabara kuu inapita chini Ipogolo kwa hiyo malori hayaingii katikati, Gangilonga na Wilolesi kumetulia, vyuo vipo vingi, watu wastaarabu. Umbali kilomita 500 ni nusu ya mateso ya Mbeya, na sa hivi kuna wanaopanda treni ya SGR mpaka Dodoma kisha wanashika lami ya Mtera, wanakwepa mlima Kitonga. Kwa kijana mwenye afya yake na kazi ya kompyuta ningemwambia nenda hata kesho. Lakini hospitali yake kubwa ni ya rufaa ya mkoa, na ukimhamisha mzee mwenye figo au moyo, siku akihitaji bingwa ambaye pale hayupo unasafiri kilomita 260 kwenda hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, au zaidi ya 300 kwenda Mbeya. Kwa wastaafu, ambao ndo wengi wanaoitaja Iringa, hicho ni kikwazo kizito na nasikitika kukisema.

Kuna faida moja ya hii miji yote watu wanaichukulia poa, malaria. Mikoa kama Arusha na Kilimanjaro maambukizi kwa watoto yako chini ya asilimia 1 wakati wastani wa taifa unacheza kwenye 7 na 8. Ila mtoto aliyekulia huko hana ule ukinzani ambao mtoto wa maeneo yenye malaria nyingi anaupata taratibu, kwa hiyo likizo ukimleta Dar kwa bibi chandarua sio hiari, na homa ikianza apimwe siku hiyo hiyo.

Wapo wanaosema kwa nini uhame, Juni mpaka Agosti Dar ni nzuri, jenga nyumba yenye dari la juu, panda miembe, lala na feni. Nawaheshimu, na kwa mtu ambaye biashara yake ni Kariakoo wako sahihi kabisa, baridi hailipi ada. Muhimbili na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pia ziko hapa, mgonjwa anayezihitaji kila mwezi asihame kokote.

Anayeweza kuhama, na hana sababu ya kikazi ya kuwa kaskazini, kura yangu inaenda Mbeya. Familia ya kawaida ya mishahara miwili ya serikali au duka la jumla, mama mwenye presha anayehitaji kliniki, watoto wa shule ya msingi, Mbeya inawapa hospitali ya kanda, chakula cha bei nzuri na jua la mchana hata kwenye baridi. Watafute nyumba Forest au Block T, karibu na huduma na pembeni ya kelele za malori, wapange mwaka kwanza, na waende kuiona Julai saa kumi na moja alfajiri, sio Desemba. Kiwanja kisubiri mpaka wawe wamepita Julai moja mle ndani na mama ameshahudhuria kliniki yake kule wakaona anahudumiwaje.