Nilivyoagiza Mtutu Kutoka Birmingham

Babu alipofariki aliacha nyumba yenye kesi, mnazi mmoja usiozaa, na pikipiki iliyokuwa ikilaliwa na kuku. Nyumba ingali mahakamani. Mnazi uliangushwa na kusi. Siku ya kikao cha mirathi mimi nilikwama kwenye foleni ya kivuko Likoni, na nilipofika nikakuta kilichobaki ni pikipiki.

Ni BSA Bantam D1 ya mwaka 1954, cc 123, gia tatu, kijani kilichofifia kama mchicha wa jana. Ilikuwa ndani ya banda la kuku Kisauni, na koo mmoja mwekundu alikuwa akiatamia juu ya kiti. Shangazi akaweka sharti: pikipiki haitoki mpaka vifaranga watoke. Nilisubiri wiki mbili. Sijui nani mwengine mjini hapa amewahi kungojea urithi uanguliwe.

Lakini yule koo hakukosea nyumba. Bantam kwa Kiingereza ni kuku wa aina ndogo, na kiwanda chenyewe kilibandika picha ya jogoo. Enzi za KANU, babu akipita nayo watu walikuwa wakimnyooshea kidole kimoja hewani, wakidhani ni pikipiki ya chama. Naye akiwapungia, ingawa maisha yake yote hakuwa na kadi ya chama chochote ila cha mazishi.

Jogoo hana neno. Kilichoniponza mimi ni zile herufi tatu, BSA, maana yake Birmingham Small Arms, yaani silaha ndogo ndogo za Birmingham. Walianza mwaka 1861 wakitengeneza bunduki, baadaye wakaingia kwenye baiskeli na pikipiki, lakini jina hawakulibadilisha. Alama yao ni bunduki tatu zilizosimamishwa zikaegemeana, kama vijana walio barazani.

Nikaipeleka kwa Fundi. Fundi wangu ni mzee wa Majengo, mstaafu wa karakana ya reli, na ndiye mtu pekee ninayemjua mwenye spana za Whitworth. Hilo si jambo dogo. Nati za pikipiki za Kiingereza za zama zile hazishikwi na spana hizi za bodaboda. Namba kumi na nne inapwaya, namba kumi na tatu haiingii, ukilazimisha unaila nati mpaka inakuwa duara. Tena spana yenyewe imeandikwa robo inchi, ukiipima mdomo hupati robo popote, kwa sababu ile robo ni unene wa bolti na wala si mdomo wa spana. Fundi anazo seti nzima, amezifunga kwenye kikoi kama mtoto mchanga, na hamwazimi mtu.

Ila Fundi ana ila moja, na naitaja mapema ili nisije nikaambiwa sikusema. Mwandiko wake. Moja yake ina pua ndefu na mgongo uliolala. Risiti yake ya kwanza niliisoma shilingi mia saba, nikalipa mia saba. Kumbe ilikuwa mia moja. Hakunirudishia, alisema macho ni yangu, na fedha ni zake.

Basi akaifungua injini, akaitikisa pistoni ndani ya silinda, ikagonga kama mchi kwenye kinu kitupu. "Hii ikiwa mpya, tundu lake ni milimita 52," akasema. "Huyu babu yako ameichonga, akaichonga tena, akaichonga mpaka ukuta umekuwa wa karatasi. Hapa pataka silinda nyengine."

Nikaingia mjini. Sikufichi, nilizunguka kama mtu aliyepoteza mbuzi. Duka la kwanza la spea, kijana akaniuliza bila kuinua macho:

"Boxer au TVS?"

"BSA."

"Ya mwaka gani?"

"Hamsini na nne."

Hapo akainua macho. "Yakhe, hiyo ni pikipiki au ni babu?"

Mwembe Tayari nikapata mtu aliyeapa wallahi anayo BSA. Akaingia ndani, akakaa robo saa, nikasikia vyuma vikianguka, akatoka na pedeli ya baiskeli. Kweli iliandikwa BSA. Nikainunua kwa ajili ya haya tu, maana alikuwa ameshajichafua kanzu.

Ndipo nikampata Mzungu mmoja Uingereza, anayekaa na spea za Bantam tupu. Huko hazijapotea, zilitengenezwa kuanzia 1948 mpaka 1971, na vijana wa posta walikuwa wakipelekea telegramu. Kiingereza cha vyuma mimi sikijui, kwa hiyo nikamwomba Fundi aandike oda kwenye karatasi, niipige picha niitume.

"Usiandike cylinder," Fundi akanionya huku akiandika. "Utaletewa mtungi wa gesi. Wenyewe waita barrel."

Nikatuma picha, nikatuma na pesa. Wiki ya tano nikapigiwa simu na ofisi moja ya vifurushi ambayo sitaitaja, kwa kuwa bado nina shida nayo. Sauti ya kike, kavu: "Wewe ndio mwenye huu mzigo? Kuja na kitambulisho."

Nilikwenda nimefurahi, na mahamri mawili mfukoni. Nilikuta boksi langu limewekwa peke yake juu ya meza ndefu, vifurushi vya wenzangu vyote vimesogezwa pembeni kama vinavyoogopa kuambukizwa. Nyuma ya meza dada ofisa, na mkononi karatasi ya boksi. Mzungu alikuwa ameandika BARREL + PISTON, lakini lebo ilikuwa fupi, ikakatika kwenye ukingo. Ilisomeka: BSA BARREL + PISTO.

"Hii BSA ni nini?" akaniuliza.

Mtu mwenye akili angesema ni pikipiki, akanyamaza. Lakini sisi wenye wazimu wa vyuma vya kale tukiulizwa swali moja hufungua darasa. Nikakaa vizuri kitini, nikasema, "Ni Birmingham Small Arms, dada."

Kalamu yake ikasimama.

"Small arms."

"Ni jina tu. Walianza na bunduki, lakini zamani sana—"

"Kwa hivyo hawa ni watu wa bunduki."

"Walikuwa."

"Na wamekutumia barrel."

Sasa hapo ndipo nilipoielewa balaa yangu. Waingereza, kwa sababu wanazozijua wenyewe, silinda ya pikipiki wameipa jina lile lile la mtutu wa bunduki. Nikajaribu kueleza. Akanigeuzia skrini ya ile mashine inayoona ndani ya boksi. Wallahi, hata mimi niliogopa. Kilionekana kidubwana cha chuma chenye mapezi kuzunguka, tundu katikati, na mashimo ubavuni. Ukiambiwa ni guruneti ungeuliza tu pini iko wapi.

"Haya mashimo ya kando ni ya nini?"

"Moja la kuingizia, moja la kutolea moshi."

"Moshi wa nini?"

"Wa mlipuko," nikasema, na kabla sijafunga mdomo nikajua. "Mlipuko mdogo, dada. Wa ndani kwa ndani. Mara elfu kadhaa kwa dakika."

Akamwita afande.

Afande alikuwa mtu mzima, mpole, na upole wake ndio ulionitia jasho. Alivuta kiti karibu yangu, akaniuliza nasali msikiti gani, nimeoa, watoto wangapi, na huyo Mzungu tulijuana wapi. Kila jibu akaliandika polepole. Mahamri mfukoni yakaanza kuvuja mafuta, doa likatokeza kwenye suruali, naye akaliangalia lile doa kwa muda mrefu, akaandika tena.

Nikaruhusiwa simu moja. Mke wangu nilimwogopa, nikampigia Fundi. "Fundi, nimeshikwa. Njoo na ushahidi wowote kwamba ile ni pikipiki."

Fundi akaja na tuktuk, amepakata gunia. Watu wawili waliokuwa kwenye foleni wakaondoka kimyakimya. Afande akaamuru gunia lifunguliwe taratibu, na Fundi, ambaye hajawahi kufanya kitu kwa haraka maishani mwake, akalifungua taratibu kupita kiasi. Likatoka tangi. Picha ya jogoo imepauka lakini bado kifua mbele.

"Huyu si jogoo wa KANU?" afande akauliza.

"Ni kuku wa Kizungu," akasema Fundi.

"Na hicho kitabu?"

"Ah! Hiki ndicho ushahidi wenyewe," Fundi akasema kwa fahari, akakitoa kitabu cha maelezo cha babu ambacho mimi sikujua hata kama kipo. Akakiweka mezani. Jalada la kwanza, katikati kabisa, bunduki tatu zimeegemeana.

Hakuna aliyesema neno. Feni ya juu ilikuwa ikizunguka na kulia kwii, kwii. Dada ofisa akavuta kiti chake nyuma inchi mbili hivi. Nami nilikuwa nimeshaanza kuhesabu ni ndugu yupi mwenye hati ya shamba ya kuniwekea dhamana, nikakumbuka kuwa wote wako kwenye ile kesi ya nyumba.

Aliyeniokoa ni njaa. Mkubwa wao alitoka chumba cha ndani kuuliza kwa nini chai haijaletwa, mzee wa kofia ya kushonwa kwa mkono, miwani puani. Akaliona tangi. Akasimama. Akalipapasa yule jogoo kwa kidole gumba, kama unavyompapasa mtoto wa jirani.

"Bantam," akasema. Kisha akanigeukia mimi kwa ukali. "Mwanangu, kama kweli ni yako, niambie. Gia iko mguu gani?"

"Wa kulia, mzee."

"Na breki?"

"Kushoto."

"Kinyume na za leo," akawaeleza wenzake. "Baba yangu aliazima pikipiki ya rafikiye yenye gia kushoto, akateremka nayo akielekea Makupa. Akataka kukanyaga breki, akakanyaga gia. Mguu ulivunjika mara mbili, na mbuzi wa watu alilipwa." Halafu, mbele ya askari, mbele ya foleni, mkubwa wa ofisi akafumba macho, akakunja mikono kama ameshika usukani, akalia kwa pua: "Pe-pe-pe-pe-peeeee... pe... pe." Hata ile ya kukosa moto akiachia mafuta aliiweka. Ndiyo yenyewe. Fundi machozi yalimtoka.

Muhuri ukagongwa. Ushuru uliniuma karibu sawa na bei ya chuma chenyewe, lakini nililipa nikicheka. Afande akanirudishia kitambulisho, akaniomba hamri moja.

Tulifungulia boksi barazani kwa Fundi. Magazeti ya Kizungu, kisha nailoni, kisha silinda inang'aa, nzuri, ningeweza kuibusu. Fundi akaiweka juu ya injini. Haikukaa. Akaizungusha. Haikukaa. Akachukua vernia, akapima tundu, akapima tena, akavua miwani.

"Sitini na moja na nusu. Hii si ya D1. Hii ya D7."

"Kwani tuliagiza D7?"

Nikafungua simu, nikaitafuta ile picha ya oda, nikaikuza. Herufi D, na pembeni yake tarakimu yenye pua ndefu na mgongo uliolala.

"Fundi. Hii ni moja au ni saba?"

Akaitazama kwa utulivu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Yategemea nani asoma."

Mzungu, Mungu ampe maisha marefu, alikubali kubadilisha bure ikiwa nitamrudishia hiyo. Kwa hiyo juzi nikarudi ofisini na boksi lile lile kwapani. Dada ofisa aliponiona mlangoni akaita ndani, "Bwana Mtutu amerudi!" na foleni nzima ikageuka.

Akanipa fomu. Jina la mtumaji. Jina la mpokeaji. Eleza yaliyomo. Nikashika kalamu, nikafikiri sana. Neno lile la kwanza sikutaka hata kulikumbuka. Nikaandika kwa herufi kubwa, wazi, kila moja ikiwa moja: CYLINDER.

Akaisoma. Akaisoma tena. Akaweka kalamu chini.

"Huu ni mtungi wa gesi? Gesi haipandi ndege," akasema, akageuka kumtafuta afande.