Jahazi lipite na huku Bagamoyo
Nimesoma habari yenu ya ZIFF, lile tamasha la filamu la kila mwaka kule Unguja lililoanzishwa 1997. Niliwahi kwenda. Nilikaa kwenye ngazi za mawe za Ngome Kongwe mpaka miguu ikafa ganzi, popo wanakatiza mbele ya picha. Raha tupu! Lakini nauli mpaka Dar, boti, bado chumba (bei za Mji Mkongwe mnazijua)... mvuvi wa hapa atayaweza? Ukumbi tunao, wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, ufukweni kabisa. Wakimaliza kule watuletee japo siku mbili, mikeka tutakuja nayo. Ila tafsiri iwe ya sauti, jamani. Mama yangu hakimbizani na maandishi ya Kiingereza.