Mjomba, Mashine na Jiwe la Igogo

Mjomba hakuniita kwa sababu ya misuli. Aliniita kwa sababu mashine aliyokodi ilikuja na kitabu, kitabu chenyewe cha Kiingereza, na katika ukoo mzima wa upande wa mama, mtu anayejua Kiingereza na ambaye hakuwa na kazi siku ile nilikuwa mimi peke yangu.

"Mjomba," akaniambia kwenye simu (kwetu mjomba na mpwa wote ni mjomba, ukitaka kujua nani mkubwa sikiliza nani anatoa amri), "njoo unisomee. Kazi yako ni kusoma tu."

Nikaamini.

Wageni wakifika Mwanza hupiga picha Jiwe la Bismarck, lile la pale karibu na kivuko cha Kamanga, wakasema jiji letu lina mawe mazuri. Ni mazuri ukiwa na kamera. Ukiwa na kiwanja mlimani Igogo, jiwe ni mpangaji asiyelipa kodi. La Mjomba lilikuwa limekaa kati ya jiko na choo, limenizidi kimo, na pale lilipokaa ndipo Mjomba alipotaka kujenga vyumba viwili vya kupangisha. Alishalichoma moto kwa magogo na matairi, kama wanavyofanya wapasua kokoto. Likabanduka magamba kidogo, basi. Moshi ukapanda kwa majirani, na mkaza mjomba akaenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba. Baruti nayo haiguswi katikati ya makazi: inataka kibali, inataka mtaalamu, inataka na majirani wasio na mabati.

Ikabaki njia ya kabari. Unatoboa mashimo kwa mstari juu ya jiwe, kila shimo unatia vibapa viwili vya chuma, katikati yake kabari, kisha unazigonga kabari kwa zamu, moja baada ya nyingine. Granaiti ukiikandamiza utazeeka. Ukiitanua kutoka ndani inapasuka yenyewe. Shida ni kutoboa. Kompresa ya upepo huvutwa na gari, na njia ya kwa Mjomba hata bodaboda wanaikataa. Ndipo akasikia kuna drili za haidroliki: kuna injini ya petroli ya kubebeka inayosukuma oili kwenye mpira mmoja na kuirudisha kwa mwingine, na nguvu ya ile oili ndiyo inayogonga na kuzungusha biti, yaani ile ncha ya chuma inayotoboa. Vijana wanne wakaibeba injini kwa miti hadi juu, wanapumzika kila kona na kuongeza bei kila wanapopumzika.

Fundi tulimkuta ameshafika. Alikuwa mtu wa machimbo ya Geita, kwa maelezo yake mwenyewe. Akanitazama mimi, akatazama kitabu, akasema, "Kitabu ni cha watu waoga."

Mimi nikakaa kivulini, nikaanza ukurasa wa kwanza. Huko ndiko tulikoachana, maana wao walianza kwenye mashine na mimi nikaanza kwenye dhamana ya mtengenezaji. Ile mipira ilikuwa imelazwa juu ya jiwe tangu asubuhi, ncha wazi, jua la Mwanza linaipiga. Fundi akachukua kaplingi, kile kiungio cha mpira na mashine, akasukuma, haikuingia. Akasukuma kwa goti. Akamwita Mjomba, Mjomba ana kilo zake, akaegemea. Haikuingia.

"Mashine mbovu hii," Fundi akatangaza.

"Nipeni dakika," nikasema, "nipo kwenye anwani za mawakala."

Nilipofika sura ya mipira, Fundi alikuwa na spana mkononi ameanza kulegeza. Kitabu kinasema mpira ukiachwa juani bila kuunganishwa, oili ya ndani inapata joto, inatanuka, msukumo wake unaibana kaplingi isikubali kuingia. Kama huna pa kuunganisha, unafunga ncha ya mpira huu kwenye ncha ya mwenzake. Na ukianza kuunganisha na mashine, unaanza na mpira wa kurudisha oili, na wakati wa kufungua huo ndio unakuwa wa mwisho. Nikasimama niseme yote hayo. Nikafika kwenye neno "msukumo", spana ikazunguka, tukasikia "fyuuu!" Oili ikaruka juu ya vichwa vyetu, ikatua kwenye kanga zilizoanikwa.

Mkaza mjomba akatoka jikoni. Hakusema kitu. Alizianua moja moja, akizikunja na kutuangalia, na hadi leo sijapata kuona mtu akikunja kanga kwa hasira vile.

Tukaihamishia mipira kivulini, tukaifunika magunia yenye maji. Ilipopoa, kaplingi zikaingia zenyewe. Fundi akasema alikuwa anajua.

Injini ikawashwa. Mara Mjomba akaona mpira unatoa kaunyevu katikati, kamvuke kembamba ka oili, akanyoosha kidole apapase panapovuja.

Hapo sikumsubiri mtu. Nilipiga kelele hadi wanawake wanaogonga kokoto kule juu wakanyamaza. Tairi la gari dogo linajazwa upepo wa pauni 30 na kitu. Oili ya mashine ile hufika pauni 1,500 na zaidi kwa inchi ya mraba. Ikitoka kwenye katundu ka sindano inaingia mwilini, inapita ngozi na glavu, na juu unaona kidoa tu, unajisemea umechomwa na mwiba. Ndani kidole kinaharibika, na dawa yake ni kukimbizwa kwa daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, hata kama hakiumi. Nikachukua kipande cha boksi la sabuni, nikakipitisha taratibu pale palipovuja. Kikapata mstari wa oili, kisha kikatoboka.

Mjomba akaangalia boksi, akakiangalia kidole chake, akakirudisha mfukoni na hakukitoa kwa muda mrefu. Injini ikazimwa, mpira ukabadilishwa, na pale mlimani heshima yangu ikapanda kuliko bei ya vijana wa miti.

Ndiyo iliyoniponza.

"Sasa," Mjomba akasema mbele ya watu, "aliyesoma ndiye ashike mashine."

"Mjomba, tulisema nisome tu."

"Umeshasoma."

Fundi hakubisha hata kidogo, akaenda zake jikoni kutafuta chai. Nikaletewa vifaa: helmeti, miwani, vya kuziba masikio, kinyago cha vumbi, gambuti. Hivyo vyote sawa, kitabu kinavitaka. Kisha Mjomba akatoa ovaroli yake. Ovaroli ile alipewa kazini enzi za kiwanda cha pamba, naye kama nilivyosema ana kilo zake. Ndani yake tungeenea mimi, na Fundi, na nafasi ya kubishana ikabaki.

"Kitabu kinakataza nguo pana," nikasema.

"Ovaroli si nguo pana. Ovaroli ni vazi la kazi."

Nikakunja mikono, nikajifunga kiunoni kamba ya katani. Mifuko ya mapajani ikabaki inaning'inia huku na huku.

Likaja suala la maji. Vumbi la granaiti lina madini ya kwatzi (quartz) ndani yake, chembe ndogo usizoziona, zikiingia mapafuni hazitoki, na ndizo zinazowapa wachimbaji ugonjwa wa silikosisi. Kwa hiyo kinyago pekee hakitoshi, shimo lilowanishwe. Nikaomba ndoo ya maji. Kutoka pale uani unaliona ziwa lote la upande ule, na ziwa lenyewe lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, la pili duniani kwa ukubwa kwa maji baridi. Lakini ndoo ya kwa Mjomba inapandishwa mlima kichwani.

"Maji ya kupikia mnayanywesha mawe?" mkaza mjomba akauliza.

"Nusu ndoo tu, mama."

Akatoa nusu. Alipima kwa macho, na nusu yake ilikuwa theluthi.

Nikashika drili. Ina kilo 25 hivi, na ikiwa kimya unaona si kitu. Nikapanga miguu kama kitabu kinavyosema: mmoja mbele, mwingine nyuma, usiipanue ukaikalia mashine katikati, wala usiweke paja juu ya mshikio. Nikaanza taratibu hadi biti ikajichimbia kikombe, kisha nikaongeza. Kila baada ya muda nainyanyua kidogo unga utoke. Shimo la kwanza likashuka vizuri ajabu. Majirani wakajaa. Mama mmoja wa kokoto akasema kwa sauti, "Ng'wanawane anaweza!" yaani mwanangu anaweza, kwa Kisukuma, na mimi, nitasema ukweli, nikaanza kuishika mashine kwa madoido.

Shimo la pili lilikuwa na ufa ndani.

Ufa huuoni kwa juu. Biti ikaingia, ikapata ubavu, ikanasa. Sasa mashine ile kazi yake ni kuzungusha. Biti ikigoma kuzunguka, kinachobaki cha kuzunguka ni wewe. Mishikio ikapinduka nami nikapinduka nayo, robo duara, gambuti moja likabaki nyuma. Biti ikajinasua, ikazunguka, ikakuta mfuko wa ovaroli unaning'inia mbele yake, ikauchukua. Ukasokotwa mfuko, likafuata paja, zikafuata vifungo vya tumboni. Nikaachia mkono wa kuwashia, na mashine ikasimama papo hapo. Aliyebuni ule mkono, kwamba ukiuachia tu mashine inakatika, Mungu amzidishie.

Ila ilisimama na mimi nikiwa nimeinama nusu, tumbo kwenye mshikio, nimefungwa kwenye jiwe, na biti imenasa tena kwenye ufa.

"Zima! Zima!" Mjomba anapiga kelele.

"Imeshazima!"

"Basi itoe!"

"Mjomba, hii ndiyo imenishika mimi!"

Fundi akatoka jikoni na chapati mdomoni, akazima injini, akanizunguka mara moja. Akamwambia Mjomba dawa ni mkasi. Mjomba akakataa. Ovaroli ile, akasema, imetoka naye mbali, haitakatwa na mtu akiwa hai. Mimi nikiwa pale nimeinama wakaanza kikao. Mara akatokea Mwalimu, mpangaji wao mstaafu, na redio yake kwapani, anaelekea chooni. Mwalimu haendi chooni bila redio, na akiingia ana taarifa ya habari nzima.

Akasimama. Mimi ndiye niliyeziba njia.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, maana kufungwa kwenye jiwe hakuondoi adabu.

"Marahaba. Usisumbuke kusimama," akasema, akapita kwa pembeni.

Kikao kikaamua ovaroli isikatwe, ila mimi nitoke ndani yake. Kamba ya katani ikafunguliwa, nikaanza kujivua kuanzia mabegani, kinyumenyume, juu ya jiwe, mbele ya mtaa. Ndani nilivaa bukta. Bukta nyekundu ya Simba. Na Mjomba ni Yanga wa kuzaliwa. Siku wakifungwa hali chakula. Wanawake wa kokoto walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mjomba alichosema ni kimoja: "Kumbe ndiyo maana jiwe limekataa."

Alasiri, Fundi akashika kazi mwenyewe. Biti iliyonasa akaiacha na matambara yake, akatia nyingine, akatoboa mashimo pembeni mwa ufa, safari hii anamwaga maji na ananiuliza "kitabu kinasemaje" kila baada ya shimo. Kabari zikapangwa. Kabla ya kugonga tukaondoa watu, kwa kuwa jiwe la mlimani likipasuka hujui nusu yake itaegemea wapi. Tukaondoa watoto, mbuzi, kuku, na upande wa chini tukaweka mawe ya kuzuia. Tukasikiliza kama Mwalimu yupo chooni, hatukusikia redio. Tukaridhika.

Fundi akagonga kwa zamu, kutoka kabari ya kwanza hadi ya mwisho, akarudia. Sauti ya chuma ikawa inapanda, nyembamba zaidi kila mzunguko. Kisha akasimama, akanyoosha mkono tunyamaze. Jiwe likalia lenyewe ndani, "kra," na mstari ukatokea kutoka juu hadi chini. Biti yangu ikadondoka na nusu ya ovaroli. Nusu ya upande wa juu wa mlima ikabaki mahali pake. Nusu ya upande wa chini ikateleza taratibu, kama mita moja, ikayagusa yale mawe ya kuzuia na kutulia kabisa.

Ilitulia ikiwa imeegemea mlango wa choo.

Watu wakashangilia. Mjomba akanikumbatia, bukta na yote. Na katikati ya shangwe tukasikia mtu anagonga bati kutoka ndani, kwa utulivu, kama anayeita darasa.

"Nani yupo hapo nje?"

"Ni sisi, Mwalimu," Mjomba akajibu kwa sauti ndogo. "Kwani redio?"

"Imeisha betri." Akanyamaza kidogo, akausukuma mlango, haukwenda popote. "Huyo kijana wa kitabu yupo?"

Nikafungua kitabu. Nikatafuta mwanzo, nikatafuta mwisho, nikarudi hata kwenye dhamana. Choo hakimo.

"Yupo, Mwalimu, anasoma."

"Basi asome taratibu, asikosee. Nipitishieni hapa juu ya ukuta betri mbili kubwa. Na chapati, kama Fundi amebakiza."